Ncha Iliyopungua

Ndeshi alimletea fundi Lazaro fimbo ya mwanzi ya kuvulia samaki, urithi kutoka kwa baba yake. Ilikuwa na ncha mbili za kubadilishana, moja fupi kuliko nyingine kwa upana wa vidole viwili.

"Ikate hii ndefu, zilingane," alisema. "Baba alikufa akiamini hii fupi niliivunja mimi. Hakunipeleka tena mtoni."

Fundi aliitazama ncha fupi, akautambua uzi mwekundu alioufunga mwenyewe zamani. Akavua miwani.

"Mwanangu, baba yako aliponiletea fimbo niitengeneze, ncha hii ilivunjikia mikononi mwangu. Nikaikata, nikanyamaza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwogopa."

Ndeshi aliichukua fimbo. "Hata mimi nilimwogopa," alisema. "Basi, usiikate ndefu."

Akaichomeka ncha fupi kwenye mpini, akatoka nje, akaurusha mshipi mtupu juu ya barabara ya vumbi, kama mtu aliye mtoni.