Namba Kwenye Grisi

Nilikuwa nimeshaosha vifuniko vinne vya beringi za injini kwa petroli nilipochukua cha tano na kuona namba mbili imechorwa kwenye grisi kwa ncha ya msumari.

Nikavitazama vile vinne juu ya gazeti. Viling'aa kama vijiko, na vyote vilifanana.

Mjomba alivipaka grisi ile na kuvichora namba mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, macho yake yakiwa bado mazima. Kila kifuniko kina mahali pake. Ukivichanganya, injini inakwama na kujiharibu. Asubuhi aliniambia, "Usianze mpaka nije, mwanangu." Mimi nikajifanya fundi.

Fimbo yake iligonga mlango. Akaketi kando ya injini, akapapasa mpaka akaipata spana.

"Umeshaosha? Mchapakazi wewe! Binamu zako hata sahani huosha kwa kusukumwa." Akacheka. "Haya, nisomee namba. Tuanze na moja."

Nikamwita Mungu kimoyomoyo, lakini nilichomwomba ni uongo mzuri.

Mkono wa mjomba ulikuwa umenyooshwa, kiganja wazi. Nikachukua kifuniko kilichokuwa karibu.

"Moja," nikasema.