Bastola ya Mkoba wa Loretta

"Inaua?" Wendell aliuliza, akinyooshea kidole bastola mojawapo chini ya kioo.

Oleta aliacha kupangusa kioo cha kaunta, akamtazama kama mtu aliyeingia buchani na kuuliza kama nyama ilitoka kwa mnyama.

"Shemeji, hii ni bastola. Haisuki nywele."

"Najua. Nauliza inaua kiasi gani."

Oleta alimwita shemeji tangu zamani, maana yeye na Loretta, mke wa Wendell, walisimama benchi moja kwenye kwaya ya kanisa. Duka lake la silaha lilipakana na kinyozi. Wanaume wa kaunti ile walitoka kunyolewa wakapitia kwake kuchukua risasi, kama wengine wanavyopitia kuchukua sigara.

Juu ya kaunta Wendell alikuwa ameweka bastola ya Loretta ili aibadilishe. Loretta aliirithi kwa baba yake, ile ya kizamani yenye silinda ya risasi inayozunguka, nzito kama jiwe la kusagia. Ilikaa mkobani mwake sokoni, kanisani na matangani, mpaka bega lake la kulia likashuka.

"Nitafutie nyepesi," alimwambia mumewe asubuhi ile, "la sivyo nitazikwa nimepinda."

Hakurudia mara ya pili. Wendell alifika dukani kabla Oleta hajageuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefungua". Alitaka kitu kimoja tu duniani: Jumapili ifike, na kila mtu wa nyumba yake awe bado anavuta pumzi.

"Ni wale wezi wa barabara ya mtoni?" Oleta aliuliza.

"Mtu hajui shari itatokea upande gani."

"Umenena. Basi chukua hii." Alimsogezea bastola nyeusi, bapa. "Milimita tisa. Inaingia mkobani, inachukua risasi kumi. Jambazi akipata moja kifuani, shughuli imekwisha."

Wendell aliirudisha kwa ncha ya kidole, kama sahani ya chakula kilicholala.

"Ndogo zaidi?"

"Ipo ya risasi za tatu themanini, fupi kidogo. Wanawake wanaipenda."

"Ndogo zaidi ya hiyo?"

Oleta akashusha pumzi. Aliinama chini ya kaunta, akaibuka na kibastola kilichojificha chote kiganjani mwake. "Ya risasi za ishirini na mbili, ndogo kuliko zote. Inachukua sita. Lakini shemeji, tusidanganyane. Ukimpiga mtu mnene na hii utamuudhi tu."

"Mnene kama nani?"

"Kama wewe hivyo."

Wendell alikishika, akakipima, akajaribu kukifyatua kitupu kikielekea ukutani. Kifyatulio kilikuwa kigumu.

"Kigumu sana hiki," Oleta alisema. "Mpaka ukivute, mkono umeshahama na shabaha imepotea. Ngoja nikupe kingine."

"Acha. Hiki hiki."

"Haya. Ingawa Loretta hata umpe manati, anapiga. Mwaka jana alidungua kizibo cha chupa akiwa amekaa kwenye kiti cha kubembea, huku anaongea na simu."

"Nilikuwepo," Wendell alisema.

Zikaja risasi. Oleta alimwonyesha zile zenye tundu kichwani, zinazochanua ndani ya mwili kama ua. Wendell hakutaka kusikia habari za maua. Kwenye kapu karibu na mlango aliona boksi la kadibodi lililokunjika pembe.

"Na zile?"

"Za kulengea makopo. Takataka. Katika kumi, moja haitoki."

"Moja tu?"

"Siku mbaya, mbili."

"Nifungie hizo."

Oleta alitikisa kichwa. Wanaume wabahili alikuwa amewaona wengi, lakini bahili wa kumhurumia jambazi hakuwahi. Hata hivyo moyo wake ulilainika. Marehemu mumewe, miaka yote ya ndoa, alimnunulia pasi moja, nayo ilikuwa na shoti. Huyu hapa ameacha kazi zake Ijumaa asubuhi ili bega la mkewe lipone.

Wendell alijaza fomu. Oleta akapiga simu serikalini wamkague, jina likarudi safi. Fomu ilimuuliza kama ni mhalifu, kama ni mlevi, kama ana wazimu. Lile aliloogopa kuulizwa halikuwemo.

"Loretta kabahatika," Oleta alisema, akimkabidhi mfuko. "Mwambie nimesema hivyo."

"Nitamwambia. Nikipata nafasi."

Nyumbani, Loretta alikuwa jikoni. Alikiweka kibastola kile kiganjani, akaangua kicheko.

"Wendell! Hiki cha kutishia sungura?"

"Chepesi lakini."

"Chepesi kweli." Alikijaza risasi zote sita bila kutazama, kama mwanamke anayemenya njegere, akakiweka mezani karibu na mkono wake. "Na ile ya baba?"

"Imebaki kwa Oleta."

"Bunduki ya kulungu je? Sikuiona stooni."

"Nimemwazima kaka yako."

Loretta alimtazama mumewe kwa upole. Ni siku nyingi hajamhangaikia hivi. Wendell alivuta kiti mpaka mwisho wa meza, upande wa mlango, akaketi ubavu ubavu, akakunja mikono juu ya kitambi chake.

"Mke wangu," alisema, "kesho kwenye maonyesho ya kaunti, jirani yetu Twyla ataleta pai ya karanga kushindana nawe. Ukiionja tu utaijua, ni ile ya siri ya marehemu mama yako. Mimi ndiye niliyempa maelezo ya kuipika. Ilikuwa asubuhi moja, jikoni kwake, kabla hatujavaa."