Uzi Mwekundu Mguuni mwa Kinyonga

Nilikuza picha mpaka mguu wa kinyonga ukajaa kioo chote cha kompyuta, ili nipunguze mwanga uliozidi kwenye magamba. Hapo nikauona uzi. Mwekundu, umezungushwa mguuni na kukazwa kwenye jani la isale lenye tundu la kiwavi hadi ngozi imebonyea.

Niliujua uzi huo. Ulitoka kwenye kikapu changu cha kufumia.

Mume wangu, Eliakim, aliniambia alilala kifudifudi asubuhi nzima kando ya isale zilizopandwa mpakani mwa shamba la mama yake, akimsubiri kinyonga ageuze jicho mwenyewe. Nami nikawaapia waamuzi wa shindano la picha, kwa jina langu na la studio yangu, kwamba hatukumgusa.

Nikampigia simu. "Ulimfunga?"

Akasema tu, "Nakuja."

Aliingia studio na mkoba wa kamera begani, akapiga goti, akatoa humo jani la isale. Kwetu Uchagani, anayekuletea isale kuomba msamaha hakataliwi, hata kama ameua.

"Mke wangu, nisamehe. Nilitaka tushinde."

Nilinyoosha mkono kulipokea. Mila ni mila.

Ndipo nikaliona tundu lililotobolewa na kiwavi, palepale lilipo kwenye picha. Chini yake kipande cha uzi mwekundu kilikuwa bado kinaning'inia.

Nikarudisha mkono.

"Eliakim! Hata la kuniombea msamaha umeshindwa kuchuma jipya?"