Ukaguzi wa Bibi Pang

Mkoromo ndio uliosikika kwanza, mzito, wa kupanda na kushuka, ukitokea chini ya turubai la mashua. Bata waliokuwa karibu na gati walijisogeza pembeni.

"Huyo ni mtu au injini?" aliuliza Bibi Pang.

Bolin alihisi masikio yakimchoma. Siku ya siku imefika, na Babu amelala! "Ni babu yangu, Bibi. Usiku huwa hakoromi," alidanganya, huku akimsukuma mzee kwa ncha ya kiatu.

"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo," alisema Bibi Pang, akaingia mashuani bila kushikwa mkono. Nyuma yake mjukuu wake, Yanru, akamkonyeza Bolin. Konyezo lile lilimwasha mwili mzima.

Yanru aliuza chai kwenye kibanda cha shangazi yake hapo hapo gatini. Kila asubuhi alimuuliza Bolin, "Babu hajambo?" na kila asubuhi Bolin alijisemea moyoni: huyu kalelewa akaleleka. Alimpenda kupita kiasi, ila kiburi kilimfunga mdomo, aliogopa kuchekwa. Lakini nani mjini Hangzhou asiyejua kwamba Bibi Pang kila Jumamosi hupanda kilima cha Wansong, pale wazee wanapowatafutia watoto na wajukuu wao wachumba, karatasi za sifa zikining'inia kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa? Na juzi Yanru alikuja mbio na habari.

"Jumamosi hii Bibi haendi kilimani. Anakuja kwenu, anataka kuwaona mlivyo. Akiridhika, hakuna atakayefurahi kunishinda mimi. Vaeni vizuri. Na Babu anyoe ndevu."

Bolin alinyoa za Babu, akanyoa za kwake, akapiga pasi mashati yote mawili. Usiku kucha hakufumba jicho.

Wakang'oa nanga. Kama kawaida yao wanapotembeza watalii, Babu Weng alipiga makasia na Bolin akapiga domo. Alieleza mnara wa kilimani, alieleza mierebi inayoinamia maji, akageukia nguzo za mawe zilizosimama katikati ya ziwa. Bibi Pang, mzaliwa wa ng'ambo ya pili, akamkata.

"Nguzo nazijua tangu sijaota meno. Nyumbani kwenu nani anapika?"

"Babu anapika, Bibi. Samaki wake wa siki utajiuma ulimi! Mimi naosha vyombo. Na kufagia. Na kupiga deki!"

"Pombe?"

"Kikombe kimoja, tena sikukuu tu. Sote wawili."

"Hasira?"

"Kwetu mwenye hasira ni mimi peke yangu," Bolin alisema kweli, kisha akatamani aichote kauli yake airudishe kinywani. Ajabu, Bibi Pang hakuonekana kujali hata kidogo.

"Na wewe ukioa, babu yako atabaki na nani?"

Mtego huo! Bolin akakaa sawa. "Simwachi ng'o, Bibi. Nyumba ina vyumba vitatu. Tutaenea wote."

"Vyumba vitatu," Bibi Pang alimwambia mjukuu wake. Yanru akaitikia kwa kichwa, tabasamu limemjaa uso.

Basi kijana akapanda mori. Akasimama katikati ya mashua, ikayumba, akaghani kwa sauti iliyowageuza shingo watalii waliosongamana darajani:

"Ziwa limevaa wingu, bibi arusi na shela,
Nami nangojea fungu, tangu jana sijalala."

"Kaa, utatuzamisha!" alifoka Bibi Pang, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Nani kakufundisha kutunga?"

"Babu. Alikuwa akimtungia marehemu bibi yangu."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi anawatungia bata."

Babu akakohoa, kasia likakosa maji. Bibi Pang alicheka mpaka akashika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili.

Walitia kituo kisiwani kunywa uji wa mizizi ya yungiyungi. Bibi Pang alipokea bakuli la kwanza, akampa Babu Weng. "Kunywa ungali wa moto. Makasia yamekutoa jasho." Bolin aliwatazama akaona raha isiyo kifani. Wakwe wanaoheshimiana namna hii, ndoa itakosaje kunyooka?

Waliporudi gatini, Bibi Pang alijipangusa gauni, akavuta pumzi.

"Basi. Kule kilimani nimesoma karatasi mpaka macho yakaniuma, kumbe ninachokitafuta kiko huku majini. Nimeridhika."

Yanru akarukaruka akipiga makofi. Bolin hakujiweza. Alipiga magoti juu ya mbao za gati, mbele ya wauza chai wote.

"Bibi, nitamtunza! Maisha yangu yote, nitamtunza!"

"Nani, babu yako?" Bibi Pang akamshika Babu Weng mkono, na mzee yule aliyekuwa kimya tangu asubuhi akaiva uso mpaka kidevu kilichonyolewa. "Kazi hiyo sasa niachie mimi."

Wakaondoka wawili hao, polepole, kuelekea darajani. Bolin alibaki kwenye magoti yake. Yanru akamwinua, macho yakimng'aa kwa furaha.

"Maisha yangu yote nimetamani kuwa na kaka! Sasa usinune hivyo, kaka Bolin. Jumamosi ijayo napanda kilimani mimi mwenyewe, na nakuahidi, nitakutafutia mchumba mzuri kuliko wote!"