Mjane wa Mazoezi

Matroni aliketi kwenye kiti cha mjane, akapandisha mguu juu ya mguu, akasubiri kuletewa habari za kifo cha mumewe. Darasa lilikuwa tupu. Wenzake walichelewa, kama kawaida yao, hata siku ya mtihani.

Mume wa mazoezi alishakufa mara nyingi juma lile. Wauguzi wote wa kozi ya ushauri nasaha walipokezana zamu ya kumpasha mjane habari, na mjane alikuwa matroni, kwa kuwa uso wake hautikisiki. Funga mlango. Zima simu. Keti usawa wa macho yake. Muulize anajua nini. Sema amefariki, usizungukezunguke. Kisha nyamaza. Eti hayo nayo ni masomo. Yeye misiba aliitangaza koridoni, amesimama, faili kwapani, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

"Siku hizi kila mtu anataka kubembelezwa," alimwambia mwalimu jana yake. "Hata mume wangu."

Huyo wa kweli, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa akipasuliwa ngiri asubuhi hiyo, jengo la pili. Alimwomba amshike mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji tu. Matroni alimjibu kwamba ngiri si ugonjwa wa kuagana, na yeye ana mtihani. Akamwacha kitandani anamkodolea macho kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Alichukia sana mwanamume wa namna hiyo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Machozi. Matroni nusura acheke. Machozi alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na jina hilo alimpa yeye mwenyewe, siku jamaa alipomlilia marehemu wa kubuni mpaka kamasi zikamtoka. Leo kaja na kofia ya kazini na buti za mpira. Mtu anakuja kwenye mtihani hata kioo hajakitazama.

Machozi akafunga mlango. Akazima simu. Akavuta kiti, akaketi usawa wa macho yake. Mpaka hapo alama zote ni zake, matroni alikiri kwa shingo upande.

"Umeambiwa nini mpaka sasa, mama?"

"Kwamba ni upasuaji mdogo tu," alijibu matroni, kwa ile sauti yake ya mjane aliyechoka.

"Moyo wake ulisimama tukiwa katikati. Tulihangaika sana kuurudisha. Amefariki."

Kisha akanyamaza, kama walivyofundishwa. Lakini chozi likamteremka hadi kidevuni asilifute.

Matroni akabenua mdomo. Huyu hafundishiki.

"Ulikuwa unakwenda vizuri," alisema. "Lakini anayelia ni mjane, si wewe. Hapo nakukata alama. Na hizo buti nazo, utadhani umetoka kuosha choo. Haya, kamwite mwalimu aje aandike."

Machozi hakuinuka. Aliuchukua mkono wa matroni, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Hakuna mtihani leo, dada yangu," alisema. "Mwalimu ameuahirisha."