Mazishi ya Mama Ufagio

Hakuna aliyemdai nauli. Lamisi alishuka nyuma ya lori la viazi vikuu akiwa tayari kubembeleza, lakini dereva na utingo wake walimpita tu, wakaanza kushusha magunia.

Soko la Nsuakrom lilikuwa kimya. Vibanda vimefungwa, meza tupu, na ilikuwa siku ya gulio, siku ambayo kwa kawaida hupati pa kuweka mguu. Ngoma ya msiba ilisikika kutoka uwanjani.

"Nani kafa?" alimuuliza msichana aliyepita mbio na viti kichwani. Msichana hakugeuka. Alimuuliza mwuza kenke, yale madonge ya mahindi ya kufungwa majani, aliyekuwa akikaza nguo yake nyeusi ya matanga. Mwuza kenke akapaza sauti, akimsemesha mtu aliye nyuma ya Lamisi: "Harakisha, we! Utakuta wameshafunika jeneza!"

Aliinama kutazama chini ya meza za samaki, alikokuwa akilala yule mwanamke bubu aliyezoea kugawana naye makombo. Huyo angalau humtazama mtu usoni. Hakuwapo.

Tumbusi ndio waliomwona. Walishuka kutoka paa la machinjio, wakamfuata kwa kurukaruka kama siku zote. Soko zima liliwachukia ndege wale, likawarushia mawe, lakini Lamisi aliwaita wafanyakazi wenzake: yeye alifagia, wao wakala kilichooza, na bila wao na yeye kipindupindu kingekuwa kimeshahamia Nsuakrom na kujenga nyumba. Wazee husema tumbusi huona wale ambao watu hawawaoni. Siku zote Lamisi aliucheka uzushi huo.

Leo hakucheka. Uwanjani, kati ya nguzo mbili, lilitundikwa tangazo kubwa la msiba: PUMZIKA, MAMA UFAGIO. Mahali pa picha palichorwa ufagio, maana hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Mama Ufagio alikuwa yeye.

"Wauza nyanya wametoa jeneza!" mshereheshaji alinguruma kwenye kipaza sauti. "Wauza viazi vikuu, ng'ombe mzima! Jamani, huyu mama ametufagilia tangu wengine hapa tukiwa mgongoni. Asubuhi ile tulipomkuta amelala chini ya meza za samaki, baridi, amejifunika kitenge chake cha ndege, nani hakulia?"

Wanawake wakaangua kilio.

Kitenge cha ndege. Alikiacha hapa sokoni, chini ya meza za samaki, alipokwenda kwao kaskazini kumuuguza dada yake. Huko homa ilimwangusha na yeye, akakaa siku nyingi hajijui, kisha akaamka mwepesi, hana maumivu hata kidogo, akatembea hadi barabarani. Hivyo ndivyo alivyokumbuka. Sasa hakuwa na hakika. Labda hakwenda kokote. Labda safari ile yote ndiyo kufa kwenyewe.

Aliingiwa na hofu. Alitaka kitu kimoja tu: mtu yeyote, hata adui, amwambie "sogea". Alimshika mchinjaji mkono. Mchinjaji aliukung'uta kama aliyetuliwa na nzi, macho yake yasibanduke kwenye jeneza.

Alijipenyeza hadi mbele. Jeneza lilikuwa jeupe, lenye vishikio vya shaba. Ndani kulikuwa na kitenge chake, na usoni kitambaa kizito. "Msimfunue," mtu alionya. "Kakaa sana chumba cha maiti."

Nana Dufie, malkia wa wauza nyanya, alijitupa kifudifudi. "Mama yangu! Tulikuwa na dhahabu tukaikanyaga! Nani atatufagilia kama wewe?"

Huyu Nana Dufie ndiye aliyekuwa akimmwagia Lamisi maji ya nyanya zilizooza miguuni, bila hata kukatiza mazungumzo. Wazee walishasema kwamba ukoo humpenda maiti, na hawakukosea. Hata hivyo Lamisi alilia. Alilia kwa furaha, na aliona aibu kwamba ni furaha. Nyuso zote zile zimelowa kwa ajili yake! Mchinjaji anapenga kamasi. Mwuza kenke ameshikiliwa na watu wawili asianguke. Hofu ikamtoka taratibu. Kama huku ndiko kufa, basi alikuwa amechelewa mno kufa.

Aliwafuata hadi makaburini, akasimama kando wakimfukia. Mtu alimpitia begani kutupa konzi ya udongo, naye hakuchukia. Aliwasamehe wote, mmoja mmoja: maji machafu, matusi, miaka yote ile ya kuitwa kwa jina la kifaa.

Waliporudi uwanjani watu walikula ng'ombe. Walikula vizuri. Mifupa ikatupwa huku, majani ya kenke kule, mifuko ya maji ikapeperuka mpaka miguuni mwa Lamisi, aliyesimama peke yake na tumbusi wake, ametulia, akingoja kuitwa huko waendako wafu.

Nana Dufie alijifuta machozi, akauzungushia macho uwanja ule, akasonya. Kisha macho yake yakatua juu ya Lamisi, yakaganda hapo.

"Wewe bibi! Ndiyo, wewe, usigeuke nyuma. Mgeni hapa? Maana kazi ipo: aliyekuwa akitufagilia ndiyo kwanza tumetoka kumzika."