Mapigo ya Tunu

Siku hizi yatima hapewi mtu kwa barua wala kwa sifa. Hupewa yule ambaye moyo wake unadunda sawa na wa mtoto. Kibibi, fundi cherehani wa Muheza asiye na mume, alilingana na Tunu wa miezi minane. Kilibaki kipimo cha mwisho. Ndipo akatokea Mbaraka, akampenda, na moyo wa Kibibi ukashika mwendo mwingine.

"Huyo bwana usimfikirie hata chembe," Bi Mwajuma, mlezi wa kituo cha yatima, alimnong'oneza siku ya kipimo.

"Nimejaribu, bibi. Nikitaka kumsahau ndio moyo unadunda zaidi."

"Mapenzi kikohozi, mwanangu. Haya, weka mkono."

Kibibi akaweka kiganja kifuani mwa Tunu, akafumba macho kumuaga mtoto, akijua hawatalingana tena. Kwenye kioo cha mashine mistari miwili ya mapigo yao ilipishana, kisha mmoja ukasogea taratibu hadi ikalingana.

"Umeutuliza moyo wako?" Bi Mwajuma aliuliza.

"Wangu uko vilevile, bibi. Tazama."

Bi Mwajuma akatazama, akakaa chini. Uliohama ulikuwa mstari wa mtoto.

Tunu alimkodolea Kibibi macho, moyo wake mdogo ukidunda kwa ajili ya mwanamume asiyewahi kumwona. Kibibi akampakata, akijiuliza: Mbaraka akiondoka siku moja, utavunjika moyo mmoja au miwili?